Vitenge kwenye Skrini Nyeusi

Kompyuta ya dukani kwetu ina umri mkubwa kuliko mimi. Ukiiwasha haikuonyeshi ziwa wala maua. Inakuonyesha weusi, kisha juu kushoto kinatokea kistari kidogo, kinawaka, kinazima, kinakusubiri uandike amri. Usipojua amri kitakusubiri hadi jioni mfunge duka. Mimi nilikipenda kistari kile tangu niko shule ya msingi. Kilikuwa kitu pekee pale dukani kisichoniuliza mbona siongei.

Naandika hapa jinsi mama alivyopoteza nafasi yake katika duka hilo, kwa sababu nyumbani kwetu jambo hili halisemwi. Nafasi yenyewe ni stuli ya mbao nyuma ya kaunta, karibu na feni, aliyoishonea mto wa vipande vya vitenge. Aliikalia tangu kabla sijazaliwa. Sasa anaikalia mtu mwingine, na mto ni ule ule.

Duka liko Mchafukoge, chini ya ghorofa la zamani, na tunauza vitenge kwa jumla. Wateja wetu wengi ni kina mama wa kusini, wa Masasi, Nachingwea, Tunduru, wanaokuja kufunga marobota na kuondoka nayo. Kitenge kinapotoka kiwandani hakina jina. Kina namba tu, imechapwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye jora. Jina kinapewa na wanawake wanaokivaa. Mmoja anasema hii kama macho ya bundi, mwenzake anacheka, na baada ya muda mtu anapiga simu kutoka Tunduru anataka macho ya bundi, ya kijani. Hakuna anayejua jina limefikaje kule. Mama ndiye alikuwa anayajua yote. Kucha za paka. Tui la kwanza. Feni mbovu. Kuna kimoja chenye ndege wawili waliopeana migongo, hicho kinaitwa mwenzangu kanuna, na wanaokinunua ni wake wenza, au mtu anayetaka kumchokoza mtu.

Baba yeye alijua namba. Programu ya stoo aliandikiwa zamani na fundi ambaye siku hizi hajulikani alipo, na amri zake ni vifupisho vya Kiingereza ambavyo baba alivikariri kama dua. Watu walimshauri anunue kompyuta mpya, akakataa. Hii haina intaneti, alisema, hakuna wa kunichungulia. Basi kazi ilikwenda hivi: mteja anataja jina, mama ananyanyuka, anaenda kwenye rafu, anashika jora, anasoma namba kwa sauti. Baba anaandika amri na ile namba, skrini inajibu stoo kumebaki majora mangapi, printa inalia kama msumeno. Baba hakujua majina, mama hakujua amri. Aliwahi kumwomba amfundishe, baba akamwambia ukikosea herufi moja tu umefuta duka zima. Mama akaacha kuomba. Nilikua nikiwaona hivyo, mmoja anataja, mwingine anaandika, nikadhani ndiyo ndoa yenyewe.

Nilipokuwa kidato cha tatu, likizo ilipoanza tu, baba alifiwa na kaka yake huko Masasi. Akaenda msibani na kukaa hadi arobaini. Duka likabaki kwa mama, na kompyuta ikawa bubu. Mteja akiuliza stoo kuna nini, mama ilibidi apande ngazi za lile ghorofa hadi juu, na magoti yake ni mabovu. Mara nyingine alimpigia simu baba, baba anamtajia herufi moja moja, mtandao unakatika, mama anarudia kwa sauti mbele ya watu, "D, halafu nafasi, halafu nini?" Skrini inamjibu kwa Kiingereza kwamba amri hiyo haipo. Mteja mmoja wa siku nyingi alimwambia, kwa utani, kwamba kumbe duka ni la mzee, yeye ni mapambo. Mama alicheka. Alicheka kuzidi kidogo kawaida yake.

Siku hiyo tukiwa tunafunga, aliniambia bila kunitazama:

"Hiki kidude kingekuwa na picha, ningekiendesha."

Mimi sijibu haraka. Lakini nilikuwa na kitabu. Nilikinunua Posta kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandika chini, kitabu kinene cha Kiingereza, kinafundisha lugha ya kuandikia programu za mashine za aina ile. Na lugha yenyewe ilikuwa imo ndani ya kompyuta yetu, imelala humo tangu mashine ilipotengenezwa, wala hakuna aliyewahi kuiamsha. Niliiamsha mimi. Asubuhi wateja wakiwa wachache nilivuta kiti mbele ya kistari changu, nikaanza.

Mwanzoni nilichora boksi tupu. Boksi la kijivu katikati ya weusi, lina mstari mweupe juu ili lionekane limeinuka kidogo, kama kitufe. Nililitazama sana. Kwa mtu mwenye simu ya kupapasa ni kitu cha kuchekesha, najua. Lakini mashine ile haikuwa na boksi, haikuwa na kitufe, haikujua hata kwamba kuna kitu kinaitwa picha mpaka uiambie nukta hii iwe nyekundu, na hii, na hii. Kila nukta niliiweka mimi.

Programu ya fundi sikuigusa. Niliogopa lile la kufuta duka zima. Nilichofanya ni kuweka skrini yangu juu ya ile ya kwake. Mama akibonyeza picha, programu yangu inaandika kimya kimya amri ambayo baba angeiandika, inachukua jibu, inalileta kwa Kiswahili ndani ya dirisha. Chini kulikuwa kule kule, kistari na weusi. Mimi niliishonea nguo ya nje tu.

Picha zilikuwa vitenge. Kila kitenge nilikiwekea kipande chake kidogo cha mraba, na kila kipande nilikichora kwanza kwenye daftari la hesabu, lile la miraba, nikapaka rangi kwa peni, ndipo nikageuza kila mraba kuwa namba ya rangi. Mashine inajua rangi kumi na sita tu. Rangi ya chungwa haimo. Hapo ndipo tulipogombana mimi na mama.

"Hii siyo feni mbovu," alisema. "Hii ni feni iliyoungua."

Nikamweleza kwamba chungwa hakuna, kuna kahawia. Akasema wateja watadhani tumeanika nguo jikoni. Mwishowe nikachanganya nukta nyekundu na za njano, moja moja kama ubao wa drafti, na ukiwa mbali kidogo jicho linadanganyika. Mama akasogea nyuma, akasogea mbele, akasogea tena nyuma. Akasema hapo sawa. Sijawahi kusifiwa shuleni nikafurahi vile.

Kisha akaanza kunitajia majina. Alikaa kwenye stuli yake, mimi naandika, na kila jina lilikuja na maneno yake: hili alilileta yule mama wa Nachingwea mwenye jino la dhahabu, hili zamani lilikuwa na jina lingine likafa, hili usiliandike lote maana ni tusi. Mashine haikubali jina la faili lizidi herufi nane, kwa hiyo ndani macho ya bundi ni MACHOBUN na kucha za paka ni KUCHAPAK, lakini chini ya picha niliyaandika kamili. Aliyataja yote. Sikumbuki kama alichoka.

Mausi niliipata kwa fundi wa Buguruni karibu na tunakoishi, anayeuza vipuri vya kompyuta zilizokufa. Ni ya kizamani, ina kigololi tumboni. Mama mara ya kwanza aliinyanyua juu kama simu, akaielekeza kwenye skrini. Nilicheka hadi nikakaa chini, yeye akanitishia kunipiga nayo. Baada ya hapo alizoea. Skrini ilikuwa nzito, vitenge vilijichora kimoja kimoja kutoka juu kwenda chini, ukawa unasubiri. Mama alisema afadhali, anapata muda wa kuviamkia.

Siku ya kwanza ilipofanya kazi kweli, simu ilitoka Nachingwea. Kucha za paka imebaki kiasi gani? Mama akasogeza mausi polepole, akabonyeza, dirisha likafunguka, akasoma jibu. Hakunyanyuka. Alipokata simu alivua ndala zake, akaziweka chini ya stuli, akanyoosha miguu. Tangu siku ile hadi baba aliporudi, aliendesha duka peke yake, na yule mteja wa utani alipokuja tena alimwambia, "Haya, mapambo yako hapa, unataka nini?"

Baba alirudi amekonda, na sisi tulikuwa na hamu ya kumwonyesha. Mama alimkalisha kwenye benchi la wateja. Akaja mteja, akataka tui la kwanza, mama akabonyeza, printa ikalia. Baba alisimama taratibu. Akaja nyuma ya kaunta, akashika mausi mwenyewe, akabonyeza macho ya bundi, akabonyeza feni mbovu, anasoma majina kwa sauti kama mtoto aliyepewa kitabu kipya. Alicheka. Aliniwekea mkono kichwani. Halafu akatoka hadi mlangoni akamwita jirani yetu wa mkabala anayeuza vyombo, mtu wa Kilimanjaro, mtaa mzima unamwita Mangi.

Mangi alikuja na kalamu yake sikioni, akatazama, akajaribu, akatazama tena.

"Mzee, wewe umelala tu," alisema. "Hii hata mtu umemwokota stendi asubuhi, mchana anakuuzia."

"Si ndiyo hapo," baba akasema.

Wote walicheka, na mama pia. Mimi nilikuwa nimefurahi mno, nilikuwa naangalia vidole vyangu. Neno lile lilinipita juu.

Habari za mama mdogo tulizisikia kabla hatujamwona. Baba alimwoa kule kule Masasi, baada ya arobaini, kimya kimya, akaja kumpangia vyumba viwili karibu na duka. Alimwambia mama wakati wa chakula, nyumbani kwetu Buguruni, mimi nikiwepo. Mama aliipokea kwa namna ambayo majirani waliisifu. Dini inaruhusu, alisema, mimi ni nani. Usiku aliniambia maneno mengine. Aliniambia mwanamke akiwa na pake pa kukaa, mengine yanavumilika. Nilijua anasema nini. Kila asubuhi alitoka mapema kuliko siku zote, akifika anafuta skrini kwa upindo wa kitenge chake, anakaa.

Hilo lilidumu kidogo. Jumamosi moja tunafunga duka, baba alimwita mama kwa sauti nzuri, sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Mama watoto, magoti yako haya. Umefanya kazi miaka mingi. Sasa pumzika nyumbani."

Mama akamuuliza, na wateja wake je?

Baba akagonga skrini kwa kidole, tap tap, pale pale kwenye picha zangu.

"Kila unachokijua wewe sasa kimo humu."

Hakuwa na ukali. Nadhani aliona anampa zawadi. Mama hakumtazama, hakunitazama mimi, alitazama skrini. Vitenge vyote vilikuwa vimejipanga pale na majina yake chini, alivyonitajia. Akainama akatoa ndala zake chini ya stuli, akavaa. Mto aliuacha. Nimefikiri sana kwa nini aliuacha mto. Nadhani hakutaka aonekane anahama.

Kazi ya kumfundisha mama mdogo nilipewa mimi. Ningependa kuandika kwamba ni mtu mbaya. Siyo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa aibu, maana si mkubwa sana kwangu. Aliniletea juisi ya miwa. Amesoma hadi kidato cha nne, ana vidole vyepesi, na kile alichokishika mama kwa siku nyingi, yeye alikimaliza kabla ya adhuhuri. Hakuinyanyua mausi juu hata mara moja. Aliniuliza majina haya mazuri aliyatunga nani. Nikamwambia wateja. Stuli alikuwa nayo, mto alikuwa nao, sikutaka kumpa na mama pia.

Alasiri ile ile akaja mwanamke wa Tunduru, akachungulia, hakumwona aliyemzoea. Akasita. Kisha akasema anataka mwenzangu kanuna, majora manne. Mama mdogo akawatafuta ndege wawili waliopeana migongo, akabonyeza, akamsomea kilichopo, printa ikalia. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Nilichoka kwa hasira siku zile, na hasira ya mtu asiyesema haina pa kwenda. Ningeweza kuiondoa ile skrini. Ni mstari mmoja tu katika faili ambalo mashine inalisoma inapoamka. Ukiufuta, inaamka na weusi wake kama zamani. Mara moja nilifika hadi kwenye mstari huo, kistari changu kikawa kinawaka chini yake, kinanisubiri. Sikuufuta. Nilikwisha kupiga hesabu: mama asingerudi. Baba angerudi tu kwenye amri zake, na mama mdogo angenyanyuka kwenye stuli kusoma namba kwenye jora, na kuhusu majina wangepigiwa simu wateja wenyewe waeleze. Mama alishatoka mlangoni.

Nyumbani mama aliniuliza kila jioni nani kaja, kachukua nini. Nilimwambia. Alitikisa kichwa, akasema huyo anapenda za samawati, mwambieni zipo nyuma ya nguzo. Baadaye akawa haulizi. Anakaa barazani anachambua mchele ambao hauna mawe. Majirani wanamwambia kapata raha, binti kamfanyia kompyuta, mumewe kamwambia apumzike, na yeye anawaitikia. Siku moja nilikuwa namsaidia kuanua nguo, kitenge chake cha tui la kwanza kiko mikononi mwangu, akasema:

"Ungebakiza kimoja tu bila jina."

Alisema kama mtu anayezungumzia chumvi kwenye mboga. Nilikunja kitenge, nikakikunjua, nikakikunja tena.

Mzigo mpya ulipofika, baba alinituma nichore vitenge vipya. Nilichora. Nilivichora vizuri kuliko vya kwanza, maana sasa mkono umezoea, na rangi ya chungwa najua kuitengeneza. Chini ya kila kimoja niliandika namba yake ya kiwandani, basi. Baba akaja kuangalia, mama mdogo yuko pembeni yake.

"Majina yako wapi?"

Nikasema sijui majina.

"Si umuulize mama yako."

Nimeandika mengi humu kwa ujasiri lakini ukweli ni kwamba sauti ilitoka ndogo hata sina hakika kama nusu yake ilisikika.

"Muulize wewe, baba."

Baba alinitazama. Nilidhani atanipiga, hakunipiga. Mama mdogo akaenda kupanga majora ambayo yalikuwa yamepangika. Baba akavuta stuli, akakaa mbele ya mashine, akafikiri, akaandika kwa kidole kimoja: Maua 1. Akaenda kwa kilichofuata. Maua 2. Akavimaliza vyote hivyo, akainuka akaenda kuswali.

Nilingoja wateja walalamike. Kwa kweli ndicho nilichokuwa nimebakiza, nilingoja mtu mmoja tu kutoka Nachingwea aje atake kitenge kwa jina, kisipatikane, na baba asimame pale hajui. Hawakulalamika. Siku hizi wanatuma picha kwa simu. Mama mdogo anaiweka simu karibu na skrini, anafananisha, anabonyeza. Hakuna anayehitaji kusema kitu. Maua 2 iliisha stoo kabla ya zote.

Jioni moja nilimwelezea mama kile cha nne. Sikupanga, nilikuwa nakosha vyombo tu. Nikamwambia kuna kimoja kimekuja, ardhi yake nyeusi, kina viduara vyeupe vimetawanyika, na katikati kama mdomo wa mtu umefunguka. Mama akaacha mchele.

"Huo mdomo una meno?"

Nikasema hauna.

Akatamka jina. Lilitoka hapo hapo, kana kwamba lilikuwa linasubiri. Lilikuwa jina baya na la kweli, nikacheka hadi sahani ikaniponyoka, na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu alipoiacha ile stuli. Kisha akaniambia nisimwambie mtu.

Sijamwambia mtu, na hapa siliandiki. Kwenye skrini kinaitwa Maua 4. Kinauzika vizuri tu.